Kuchomeka, Kupachika, Kutomea: Vitenzi vya Kutia Kitu Ndani ya Kitu na Kuta za Mji wa Kale, Mombasa

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Kidato cha Nne atakubaliana nami kwamba kitenzi -weka kinabebeshwa mzigo usio wake. Jiwe "limewekwa ndani" ya pete, kigingi "kimewekwa ndani" ya ardhi, na kisu kikiwa kiunoni nacho pia "kimewekwa ndani" ya mshipi. Asili ya jambo hili si ngumu kuitambua. Mtahiniwa anafikiri kwa Kiingereza, lugha yenye desturi ya kuchukua kitenzi kifupi kama "set" au "stick" na kukifuatisha kijineno "in", kisha maana nzima ya kuzamisha kitu katika kingine ikaelea juu ya kijineno hicho. Akitafuta kijineno kama hicho katika Kiswahili hakioni, basi anaazima "ndani ya" na kuendelea na safari.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba Kiswahili hakina upungufu wowote hapa. Kinyume chake, kina wingi wa vitenzi kiasi cha kumtatiza mgeni, na wingi huo una historia. Sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika kuta za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kwa karne kadhaa mafundi walitia mti katika jiwe, jiwe katika chokaa, na sahani ya kauri katika kaburi, na kila tendo likapata jina lake.

Tuanze na sarufi kidogo, kwa kuwa watahiniwa wengi hupoteza alama hapa. Tunapofundisha mnyambuliko, tunawaambia wanafunzi kwamba kiambishi -ik- au -ek- ni cha kauli ya kutendeka: somika, lika, vunjika. Ni sawa. Lakini hebu tazama bandika, funika, anika, ezeka, tundika, twika, pachika na chomeka. Hapa hakuna kutendeka. Mtu anayebandika karatasi ukutani anatenda, na karatasi ndiyo inayotendwa. Vitenzi hivi vina -ik- ya aina nyingine, ya kale, inayoeleza tendo la kukiweka kitu katika hali au mahali fulani. Ushahidi wake mzuri ni kauli ya kutendua, ambayo wanafunzi wanaijua vyema: bandika huwa bandua, funika huwa funua, ezeka huwa ezua, anika huwa anua, chomeka huwa chomoa. Kilichotiwa kinatolewa kwa kubadilisha mkia wa neno tu. Kile ambacho Kiingereza kinakifanya kwa kijineno kinachofuata kitenzi, Kiswahili kinakifanya ndani ya kitenzi chenyewe. Ndiyo maana anayesema "chomeka ndani" huwa amesema jambo moja mara mbili, ingawa sitamkata mtu alama kwa hilo.

Sasa tofauti za maana. Kuchomeka kunahitaji kitu chembamba au chenye ncha, na aghalabu kitu hicho kinaweza kuchomolewa: kisu alani, kalamu nyuma ya sikio, ua katika nywele. Kupachika kunahitaji nafasi iliyokwisha kuwapo, baina ya viwili au katika tundu lililoandaliwa. Mshale hupachikwa katika upote wa uta, wala haumchomi mtu mpaka uachiliwe. Kukita ni kwa nguvu na kwa kudumu, kama nguzo au kigingi, na hapo ndipo tulipopata "kukita mizizi", msemo ambao sasa umechoshwa na insha za ufisadi. Kusimika ni kukita kwa heshima, kwani mlingoti husimikwa na mtawala husimikwa. Kugongomea na kupigilia ni kwa nyundo na msumari. Kuchopeka kunafanana na kupachika, ila ni kuingiza kitu katikati ya vingine vilivyokwisha pangwa. Na kuzama ni tendo la kitu chenyewe, bila mkono wa mtu. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanna, iliyokuja kuinusuru Ngome ya Yesu ilipozingirwa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, ikamezwa na mchanga na tope mpaka wapiga mbizi wa akiolojia walipoichunguza mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakuna aliyeichomeka pale wala kuipachika.

Twende mjini. Nyumba ya kale ya mawe katika pwani yetu hujengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, takribani mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ukuta hadi ukuta. Ncha za boriti ziliingia katika unene wa ukuta, juu yake yakapangwa mawe, kisha chokaa ikamwagwa na kupigwapigwa mpaka ikashikana ikawa sakafu ya ghorofa ya juu. Ukutani mlichongwa zidaka za kuwekea vyombo. Mlangoni, miimo na kizingiti vilikazwa katika ukuta, na katikati ya mbao mbili za mlango ukasimama mfaa wenye nakshi. Roshani za mbao zinazoning'inia juu ya vichochoro, nyingi zikiwa za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, zinabebwa na vikono vilivyotiwa ukutani. Kwa ufupi, nyumba nzima ni vitu vilivyotiwa ndani ya vitu.

Kati ya kazi zote hizo, iliyonivutia zaidi ni ndogo na isiyo na fahari. Mawe ya matumbawe hayana umbo sawa. Ukiyapanga, huacha mianya baina yake. Fundi huchukua vijiwe vidogo na chokaa, akaviingiza katika mianya hiyo kimoja kimoja mpaka uso wa ukuta ukawa sawa na tayari kwa lipu. Kazi hiyo inaitwa kutomea. Neno limo katika kamusi sanifu, ingawa nikiuliza darasa lenye wanafunzi arubaini huenda nikapata mmoja tu anayelijua, na huyo babu yake atakuwa mwashi.

Neno hili limetoka wapi? Hapa historia ya lugha inakutana na historia ya mji. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina sauti ya t mahali pengi ambapo Kiunguja kina ch. Macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka. Vivyo hivyo penye j ya Kiunguja mara nyingi Kimvita kina d: njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, njia ni ndia. Wenye shaka na waende Mji wa Kale, wasimame katika barabara kuu inayotoka Ngome ya Yesu na kuingia mjini. Inaitwa Ndia Kuu. Hakuna kamati iliyowahi kuifanya "Njia Kuu", nasi tumshukuru Mungu. Kwa kanuni hiyo, -choma ya kuchoma kwa mkuki ni -toma katika Kimvita, na kwa maoni yangu -tomea ya waashi ni -toma hiyohiyo iliyotiwa kiambishi cha kutendea: kuuchomea ukuta vijiwe. Iwapo nimeona sawasawa, basi Kiswahili sanifu kina -chomea na -tomea kwa pamoja, ndugu wawili wa tumbo moja waliolelewa miji tofauti, mmoja akabaki na mikuki na moto, mwingine akawa fundi mwashi.

Jinsi ndugu hao walivyokutana katika kamusi moja ni kisa kinachojulikana, lakini kinafaa kukumbushwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza Kiswahili cha hapa, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ni kamusi iliyosimama juu ya msingi wa Kimvita. Kwa upande wa pili, Edward Steere alikuwa Unguja, na kitabu chake cha mwongozo wa lugha cha 1870 kilijengwa juu ya Kiunguja. Mvutano huo ulidumu hadi mwaka 1928, ulipofanyika mkutano uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa! Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na mwaka 1939 kamusi yake, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ikatoka. Tangu hapo msamiati wa Mombasa umekuwa mgeni katika nyumba ya jirani, na ulioingia humo umeingia kama kile kijiwe cha kutomea, katika mianya ambayo Kiunguja hakikuwa na jiwe lake.

Kuna walimu watakaosema hayo yamepita na kwamba mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Nakubali, lakini tazama yanayotokea darasani. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliandika katika insha ya mtihani wa majaribio kwamba umoja wa kijiji ulikuwa ukuta, na wanyonge walikuwa vijiwe "vilivyotomewa" ili ukuta usivuje. Msahihishaji, ambaye si wa shule yetu, alilizungushia neno duara jekundu na kuandika "msamiati!" pembeni. Sentensi ile ilikuwa na tamathali ya usemi iliyo sahihi, mpya, na iliyotoka katika maisha ya mwandishi wake, tena kwa neno lililomo katika kamusi. Badala yake wenzake kumi na watano walioandika kwamba ukabila "umekita mizizi" hawakuguswa na kalamu.

Madhara yake ni makubwa zaidi katika Karatasi ya Tatu. Watahiniwa wamefundishwa orodha ya uhuru wa mshairi: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, matumizi ya lahaja. Wakikutana na "mato" au "kitwa" katika shairi, wengi huandika bila kusita kwamba mshairi ametumia tabdila, yaani amebadilisha sauti ili apate vina. Jibu hilo si sahihi pale ambapo mshairi ni mtu wa Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, hakubadilisha chochote. Aliandika lugha ya mtaani kwake, miaka tisini kabla ya hao waliokutana kuamua ipi ni sanifu. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmishenari W. E. Taylor, na ukiyasoma ukidhani kila t ni ch iliyopotoshwa, utakuwa umelitazama jengo zima kama kosa la fundi. Ndivyo ilivyo pia kwa Abdilatif Abdalla, ambaye diwani yake ya Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973 ilitokana na kifungo chake cha miaka mitatu kuanzia 1969. Mshairi huyu ni mzaliwa wa Mombasa, na Kimvita katika kazi yake ni uteuzi wa nafsi. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kuuliza kwanza "mshairi ni wa wapi?" kabla ya kuuliza "amekiuka nini?" atakuwa amewapa silaha ya kudumu.

Turudi kwenye kuta, maana kuna jambo moja la kupachika ambalo haliwezi kuachwa. Kaskazini mwa Mombasa, huko Mambrui karibu na Malindi, kuna kaburi la nguzo ambalo juu yake yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Desturi hiyo ilienea pwani nzima, makaburini na katika kuta za misikiti, na makaburi ya Kunduchi kule Tanzania ni maarufu kwa jambo hilo. Bakuli lilisafiri bahari nzima, likafika mikononi mwa tajiri wa pwani, na badala ya kulia wali, jamaa zake wakalitia katika chokaa mbichi ya kaburi lake. Hapa kitenzi kinachofaa ni kupachika na si kuchomeka, maana fundi aliandaa tundu la mviringo kwa kipimo cha bakuli. Wala si kubandika, kwani bakuli halikuwekwa juu ya uso wa ukuta bali liliingia mwilini mwake. Mahali pengi bakuli limeng'olewa na wezi au na wakati, na kilichobaki ni tundu lenye umbo lake. Tena bakuli lililong'olewa halina thamani ya kihistoria lililokuwa nayo ukutani, kwa sababu mtaalamu huutumia ukuta na bakuli kwa pamoja kukadiria umri wa jengo. Katika mji wa kale wa Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vipande vya kauri ya kigeni vilikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakubwa, pamoja na kaburi lililochongwa mwaka unaolingana na 1399.

Ngome ya Yesu nayo, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ina jiwe lake. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno ya mwaka 1639 yanayomtukuza kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeitengeneza upya ngome baada ya Yusuf bin Hassan kuwaasi Wareno mwaka 1631. Waomani waliiteka ngome hiyo mwaka 1698, Waingereza wakaifanya gereza, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Tawala zote hizo zilipita chini ya jiwe lile na kuliacha. Kilichopachikwa vizuri huwashinda hata maadui wa aliyekipachika.

Neno jingine la kuangaliwa ni njumu. Wazee walilitumia kwa mapambo ya fedha, pembe au mfupa yaliyotiwa katika mti, kama tunavyoona katika viti vya enzi vya pwani au katika vitako vya bunduki za zamani. Mti hutobolewa kwa umbo, kisha kipande hupachikwa mpaka mkono ukipita juu usihisi mpaka. Ukimuuliza mwanafunzi wa leo, njumu ni viatu vya kuchezea kandanda. Wapo wanaoona hapa upotovu wa lugha ya vijana. Mimi naona ukoo: kiatu chenye meno yaliyotiwa katika soli kimerithi jina la kiti chenye mfupa uliotiwa katika mbao. Na meno hayo, tofauti na njumu za kiti, hukusudiwa kuchomoza.

Fasihi pia hupachika. Barua ndani ya riwaya, wimbo ndani ya tamthilia, hadithi ndani ya hadithi kama katika Alfu Lela u Lela: hizi zote ni mbinu ambazo mtahiniwa huzitaja kwa majina bila kueleza kazi yake. Ningependa ajiulize maswali ya fundi. Je, kipande hiki kimepachikwa katika nafasi iliyoandaliwa, au kimechomekwa tu na kinaweza kuchomolewa bila kazi kuharibika? Katika Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya mwaka 1996 iliyowahi kuwa kitabu teule, mhusika mkuu anaitwa Kongowea Mswahili. Kongowea ni jina la kale la Mombasa. Jina hilo halikuchomekwa kama pambo, kwa maana safari ya kijana anayetafuta asili yake haiwezi kutenganishwa na mji ambao jina lake analibeba. Ukilichomoa, tundu linabaki na umbo lake linaonekana. Mtahiniwa anayeweza kueleza hivyo hahitaji kukariri faida sita za majina ya majazi.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, lakini ndani ya vichochoro saruji inaendelea kuchukua nafasi ya chokaa, na ukuta wa matofali yaliyo sawa hauna mianya ya kutomea. Mafundi niliozungumza nao Kibokoni hutumia zaidi kitenzi "kujazia". Kidato cha Tatu nimewapa kazi ya kupita Ndia Kuu na kuorodhesha kila kitu walichokiona kimetiwa ndani ya kingine, pamoja na kitenzi chake, bila kutumia -weka hata mara moja. Misumari ya milango haikuwapa taabu, wala vikono vya roshani. Wamegawanyika juu ya boriti. Nusu wanasema hulazwa, kwa kuwa inalala juu ya ukuta, na nusu wanasema hupachikwa, kwa kuwa ncha zake zimo ndani ya ukuta. Msichana mmoja amesema nyanyake hutumia neno la tatu, na ameahidi kulileta Jumatatu.